Bomba Halipasuki Pale Lilipoganda

Februari 2021 binamu yangu alinipigia simu kutoka Dallas, jimbo la Texas, kusini mwa Marekani. Walikuwa wamekaa siku mbili bila umeme, watoto wanalala na makoti, na maji yalikuwa yamekatika tangu usiku wa kwanza. Sauti yake ilikuwa na furaha na hofu kwa pamoja. "Kaka, maji yamerudi," akasema. "Lakini yanatokea darini."

Nikamuuliza koki kuu ya nyumba iko wapi. Hakuijua. Mwenye nyumba hapatikani kwenye simu. Kufikia wakati jirani alipokuja na ufunguo wa shimo la mita lililoko kando ya barabara, dari ya sebule ilikuwa imeshaanguka juu ya makochi, zulia limelowa, na maji yanapita chini ya mlango wa chumba cha watoto.

Mimi naishi Minnesota, jimbo la kaskazini kabisa mwa Marekani, na kazi yangu ni matengenezo ya majengo ya kupangisha. Huku kwetu nyuzi 25 chini ya sifuri kwa kipimo cha Selsiasi si jambo la ajabu asubuhi ya Januari. Watoto wanapanda basi la shule na maisha yanaendelea. Dallas, kwenye baridi ile iliyovunja rekodi, ilifika takriban nyuzi 19 chini ya sifuri tarehe 16 Februari. Kwa hiyo mji wenye baridi ndogo kuliko yetu ndio uliopasukiwa mabomba nyumba kwa nyumba, mtaa kwa mtaa, na sisi wa kaskazini tukabaki salama. Ukielewa kwa nini ilikuwa hivyo, ushauri wote unaosambazwa kwenye vikundi vya WhatsApp kila Novemba utauona umekaa mahali pake. Ushauri wenyewe hutufikia vipande vipande: acha maji yadondoke, fungua makabati, ondoa mpira wa bustani. Mtu anafuata kimoja na kuacha viwili, kwa sababu hakuna aliyemweleza vinafanya nini.

Kabla sijaendelea, tukubaliane maneno. Bomba hapa ni lile linalopitisha maji ukutani au ardhini. Kile unachofungua na kufunga nitakiita koki, ingawa najua Dar wapo wanaokiita bomba hilohilo na Nairobi wanasema mfereji.

Vitu vingi vikipoa hujikunja. Maji nayo hujikunja, lakini yakifika nyuzi 4 hivi juu ya sifuri yanageuka tabia na kuanza kutanuka. Yakiwa barafu huwa yameongeza ujazo kwa takriban asilimia 9: lita kumi za maji zinadai nafasi ya karibu lita kumi na moja. Yeyote aliyewahi kusahau chupa ya soda kwenye friza ameliona hili kwa macho yake. Kwa hiyo watu hudhani jambo ni rahisi: maji yanaganda, barafu inatanuka, inasukuma kuta za bomba, bomba linapasuka hapohapo. Hata mafundi wengine wanaamini hivyo, na ndiyo maana wenye nyumba wanaambiwa "hapa ndipo paligandia" huku wakionyeshwa ufa ulioko sehemu yenye joto kabisa, chini ya sinki la jikoni.

Ukweli wake uko hivi. Barafu ndani ya bomba huanzia ukutani na kuelekea katikati, kama pete inayozidi kunenepa. Pete ikiwa bado ina tundu katikati, hakuna hatari kubwa, maana maji yanayosukumwa yanarudi nyuma kuelekea mtaani yalikotoka. Kisha tundu linafungika na barafu inakuwa kizibo. Kuanzia hapo bomba lina pande mbili. Upande wa mtaani maji bado yana pa kurudi. Upande wa ndani, kati ya kizibo na koki yako iliyofungwa kwa nguvu, maji hayana pa kwenda. Baridi inaendelea, kizibo kinarefuka, na kila kinavyorefuka kinayasukuma yale maji yaliyonaswa kama pistoni ya bomba la sindano ambalo tundu lake limezibwa kwa kidole.

Na maji hayabonyei. Hewa ungeibana na ikakubali, maji hayakubali. Presha ya kawaida ya nyumba huku ni pauni 40 hadi 80 kwa inchi ya mraba. Katika bomba lililozibwa namna hiyo presha hupanda hadi maelfu ya pauni. Bomba la shaba haliwezi kuhimili hali hiyo, nalo huachia mahali palipo dhaifu: kwenye kiungo, kwenye kona, kwenye koki yenyewe. Mara nyingi mahali hapo hapajaona hata chembe ya barafu. Nimefungua kuta nyingi nikakuta ufa mwembamba wenye midomo iliyochanika kwa nje, urefu wa kidole, futi kadhaa kutoka kwenye kona ya ukuta iliyoganda.

Sasa utaelewa simu ya binamu. Bomba lake lilipasuka usiku wa kwanza, kimya kimya, kwa sababu kizibo kilekile kilichovunja bomba kilikuwa pia kinazuia maji ya mtaani yasifike kwenye ufa. Siku mbili alikuwa na jeraha lisilotoka damu. Jua lilipotoka na umeme kurudi, kizibo kikayeyuka, na presha yote ya mji ikapita pale palipochanika. Hasara huja siku ya joto, na ndiyo siku ambayo kila mtu ameshapumua na kurudi kazini.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois walichunguza mabomba ya aina hii kwa majaribio miaka ya 1990, na kutokana na kazi yao mafundi na kampuni za bima za huku hutumia kipimo kimoja cha tahadhari: nyuzi 20 za Fahrenheit, yaani karibu nyuzi 7 chini ya sifuri kwa Selsiasi. Wengi hushangaa kwamba kipimo si sifuri. Nyumba ina joto lake, bomba lina joto lake, na maji yaliyotulia yanaweza kushuka nyuzi kadhaa chini ya sifuri kabla barafu ya kwanza haijashika. Hata hivyo kipimo hicho ni cha bomba lisilo na kinga ndani ya dari lisilopigwa na upepo. Ukiwepo mwanya ukutani ambapo waya wa simu au wa televisheni unapita, upepo unaoingia pale unapuliza kipande kidogo cha bomba usiku kucha, na kipande hicho kinaweza kuganda wakati sehemu nyingine zote za nyumba ziko salama. Nikiitwa kwenye nyumba iliyoganda bomba moja tu, kitu cha kwanza ninachotafuta ni tundu la upepo.

Hapa kuna jambo linalotuhusu sisi watu wa Afrika Mashariki moja kwa moja. Mwaka 1963 mwanafunzi wa Kitanzania, Erasto Mpemba, akiwa Shule ya Sekondari Magamba huko Lushoto, aliweka mchanganyiko wake wa aiskrimu kwenye friza ukiwa bado moto, na ukaganda kabla ya ule wa mwenzake ambao haukuchemshwa. Alichekwa darasani. Baadaye alimuuliza swali hilo Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu Dar es Salaam, wakafanya majaribio, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Mpaka leo wanafizikia wanabishana juu ya jambo hilo, lini linatokea na kwa nini, na dunia nzima wanaliita kwa jina lake. Mafundi wa nchi za baridi walikuwa wakisema tangu zamani kwamba mara nyingine bomba la maji ya moto ndilo linaloganda kwanza. Sitadai kwamba sababu ni ileile ya Mpemba, maana bomba la moto hukaa bila kutumika saa nyingi usiku na hupoa kama lingine. Ninachojua kwa mikono yangu ni kwamba bomba la moto huganda, na mtu anayeacha koki ya maji baridi ikidondoka huku ya moto ameifunga amejikinga nusu.

Turudi Texas. Nyumba nyingi za Minnesota zina chumba chini ya ardhi, na maji huingilia huko, mahali ambapo ardhi yenyewe inatunza joto. Mita iko ndani. Mabomba hupandishwa kwa kuta za katikati ya nyumba. Kanuni za ujenzi za jimbo zinataka msingi ushuke inchi 42 kusini na inchi 60 kaskazini ili kuikwepa ardhi inayoganda, na mabomba makuu ya miji huzikwa futi 7 au 8. Kwa kifupi, bomba la Minnesota linaishi ndani ya joto.

Nyumba ya Texas imejengwa kupambana na jua. Haina chumba cha chini. Imekaa juu ya bamba la zege. Katika nyumba nyingi mabomba hupandishwa na kupitishwa darini, na wakati mwingine tangi la maji ya moto nalo liko hukohuko. Pamba ya kuzuia joto imetandazwa sakafuni mwa dari, chini ya mabomba, ili joto la darini lisishuke vyumbani. Wakati wa baridi mpango huo unageuka dhidi yako: pamba inazuia joto la vyumba lisipande, na bomba limeachwa upande wa baridi, chini ya paa lenye matundu ya kupitisha hewa. Kisha tarehe 15 Februari 2021 gridi ya umeme ya Texas ikaelemewa, umeme ukakatwa kwa makusudi ili mfumo mzima usianguke, na zaidi ya wateja milioni 4 wakabaki gizani. Hita zikazima. Ukuta wa mwisho uliokuwa ukilinda mabomba ulikuwa joto la nyumba, na ulianguka. Jimbo lilihesabu vifo 246 katika baridi ile.

Ukifikiria nyumba zetu za nyumbani, ziko karibu zaidi na za Texas kuliko za Minnesota. Bomba la plastiki limepanda nje ya ukuta, wazi, mpaka kwenye simtangi juu ya mnara. Watu wa Makete, Njombe na Nyandarua wanaijua sakitu inayochoma mahindi na viazi usiku mmoja, lakini asubuhi jua linaiondoa kabla haijaingia ndani ya bomba. Baridi ya huku haiondoki asubuhi. Inakaa siku tano, siku kumi, na kila saa inazidi kuingia. Ndiyo maana mtu aliyekulia kwetu hana mazoea ya kulifikiria bomba kama kitu kinachohitaji kuvikwa.

Lakini tunayo mazoea mengine ambayo wenyeji wengi hawana. Aliyekulia kwenye mgao wa maji anajua koki ya mita iko wapi tangu utotoni. Anajaza ndoo kabla hajaambiwa. Mazoea hayo tusiyaache uwanja wa ndege. Ukihamia nyumba au fleti yoyote katika nchi ya baridi, siku ya kwanza, kabla hujapanga vyombo, tafuta koki kuu. Katika nyumba za kaskazini huwa pale bomba linapoingilia, chumba cha chini, karibu na mita. Texas na majimbo ya kusini mara nyingi iko kwenye shimo lenye mfuniko kando ya barabara na inahitaji ufunguo maalum. Ununue mapema, si ghali, na duka la vifaa vya ujenzi litakuwa limeishiwa siku utakayouhitaji. Izungushe uone kama inafunga kweli. Koki iliyokaa miaka kumi bila kuguswa hukwama, na ni heri ikwame Oktoba. Ifunge kitambaa chekundu. Mwonyeshe mkeo au mumeo, waonyeshe watoto wakubwa, mwonyeshe mama mkwe aliyekuja kutembea. Katika fleti unaweza usiwe na koki kuu yako mwenyewe. Muulize msimamizi iko wapi na nambari ya dharura ya usiku ni ipi. Kuuliza ni haki ya mpangaji. Nimewaona ndugu zetu wengi wakivumilia baridi na bomba lililoganda siku mbili kwa kuogopa kwamba wataonekana wasumbufu, na siku ya tatu maji yakawashukia watu wa ghorofa ya chini.

Jambo linalofuata ni mpira wa bustani, na hapa naomba unisikilize kwa makini, kwa sababu ndilo kosa ninalolikuta zaidi kuliko yote. Nyumba nyingi za kisasa za kaskazini zina koki ya nje isiyoganda. Kwa nje unaona kishikio na mdomo wa kawaida, lakini ndani yake mna ufito mrefu, na mahali penyewe panapofunga maji pako ndani ya nyumba, inchi 6 hadi 12 nyuma ya ukuta. Ukifunga, maji yaliyobaki kwenye kile kipande cha nje yanamwagika yenyewe, bomba linabaki tupu, na tupu haiwezi kuganda. Mpango mzuri sana. Ila ukiacha mpira umefungwa kwenye ule mdomo, maji hayamwagiki. Yanabaki yamenaswa, yanaganda, na bomba linachanika ndani ya ukuta. Majira yote ya baridi hutajua, kwa kuwa koki imefungwa. Mwezi wa tano unatoka kumwagilia mchicha wako, unafungua, mpira unatoa maji kidogo kuliko kawaida, na nusu nyingine inamiminika ndani ya nyumba. Kazi ya kuondoa mpira ni dakika moja. Kama koki yako ni ya kizamani, tafuta koki ndogo iliyoko ndani inayoipelekea maji, uifunge, kisha toka nje uifungue ile ya nje na kuiacha wazi hadi masika.

Halafu kudondosha maji. Wengi hufikiri tone linasaidia kwa sababu maji yanayotembea hayagandi. Kuna ukweli kiasi: maji mapya kutoka ardhini yanaleta joto kidogo. Lakini kumbuka kizibo na pistoni. Koki iliyo wazi, hata kwa uzi mwembamba, ni mlango wa kutokea presha. Hata kama kizibo kitajijenga usiku, maji yaliyo kati yake na koki yanapata pa kutokea, na bomba halipasuki. Asubuhi ukikuta tone limekoma, usiifunge koki. Iache wazi, hiyo ndiyo inayokuokoa wakati huo.

Chagua koki iliyo mbali zaidi na mahali maji yanapoingilia, ili yapite njia yote, na zile zilizo kwenye kuta za nje. Fungua ya moto na ya baridi. Kama ni kishikio kimoja, kiweke katikati. Weka ndoo chini. Maji hayo ni ya kufulia au kusafishia choo, na bili ya usiku mmoja ni kitu kidogo mbele ya dari jipya. Kuna wakati lakini utaambiwa usidondoshe. Baridi ile ya 2021 maofisa wa Houston waliwaomba wakazi wasiache maji yakitiririka, kwa sababu presha ya mji mzima ilikuwa imeanguka na hospitali zilihitaji maji. Ukipata tangazo kama hilo, njia ni kufunga koki kuu na kufungua koki zote za ndani, ya juu kabisa na ya chini kabisa, maji yatoke. Bomba tupu, kama nilivyosema.

Makabati ya sinki yaliyo kwenye ukuta wa nje yafunguliwe usiku ili joto la chumba liingie. Toa kwanza sabuni na dawa kama kuna watoto wadogo. Ule mwanya wa upepo zibe kwa povu la kupuliza au hata kitambaa kwa dharura. Sponji la kuvika bomba ni zuri na rahisi, lakini lisikudanganye: halitengenezi joto, linachelewesha tu joto lililopo lisitoke, kama blanketi juu ya mtu. Bomba lililoko mahali pasipo na joto kabisa litaganda ndani ya sponji, kwa kuchelewa. Mahali kama hapo panahitaji utepe wa umeme wa kupasha bomba, ule wenye kipimo chake cha joto, uliofungwa kama maelekezo yake yanavyosema, bila kuupitisha juu yake wenyewe, maana huko ndiko moto wa nyumba unakoanzia.

Ndugu walioko Uingereza wana tatizo lao dogo linalostahili kutajwa. Boila za kisasa za gesi hutoa maji ya mvuke uliopoa kupitia kibomba chembamba cha plastiki kinachotoka nje ya ukuta. Kikiganda, boila inajizima na nyumba inapoa, na watu wanadhani boila imeharibika. Kumwagia kibomba hicho maji ya uvuguvugu, yasiyochemka, kisha kuwasha boila upya, mara nyingi kunatosha.

Ikiwa bomba limeshaganda, utajua kwa koki moja kutoa tone au kutotoa kitu wakati nyingine zinatoa. Hakikisha kwanza kwamba unajua koki kuu iko wapi, kwa sababu huenda ufa tayari upo. Fungua ile koki isiyotoa maji. Kisha pasha bomba kwa mashine ya kukaushia nywele au taulo zilizoloweshwa maji ya moto, ukianzia upande wa koki na kurudi nyuma kuelekea kwenye kizibo. Ukianzia katikati unatengeneza maji yaliyonaswa kati ya barafu mbili. Haraka haina baraka hapa. Inaweza kuchukua saa nzima.

Na sasa jambo linaloniuma kuliko mabomba yote. Usitumie moto wa wazi kwenye bomba, na usiingize jiko la mkaa ndani ya nyumba, kwa bomba wala kwa kujipasha wewe. Nyumba za kwetu zina madirisha yanayopitisha hewa na mapaa yenye nafasi. Nyumba za huku zimezibwa kila upande ili joto lisitoke. Mkaa, jenereta, gari lililowashwa gereji, vyote hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, inayomlaza mtu usingizi asiouamkia. Texas mwaka 2021 watu walikufa hivyo katikati ya kutafuta joto, na miongoni mwa walioathirika walikuwemo wahamiaji. Umeme ukikatika, kusanyikeni chumba kimoja, blanketi juu ya blanketi, funga koki kuu, fungua koki nyingine, na muache mabomba. King'ora cha kaboni monoksidi chenye betri kiwepo kila nyumba.

Kuna safari ya Desemba pia. Wengi wetu tunakwenda nyumbani wiki tatu au nne, nyumba inabaki peke yake katika wiki za baridi kali kuliko zote, na mtu anashusha joto hadi mwisho ili aokoe gesi. Usishushe chini ya nyuzi 13 za Selsiasi, yaani 55 za Fahrenheit. Kuta za ndani huwa baridi kuliko kipimo kilichoko sebuleni. Kampuni nyingi za bima, zikigundua kwamba joto lilizimwa, hukataa kulipa. Juu ya hilo, funga koki kuu kabla ya kwenda uwanja wa ndege, na ufungue koki moja ya juu na moja ya chini presha itoke. Tangi la maji ya moto la umeme lizimwe kwenye swichi yake kuu, maana likiishiwa maji huku linawaka linaungua. Kama nyumba yako inapashwa kwa boila na redieta, yaani vile vyuma vya ukutani vinavyopitisha maji ya moto, au jengo lina mabomba ya kuzimia moto, muulize fundi kabla ya kufunga chochote, kwa sababu mifumo hiyo inahitaji maji muda wote. Mpe jirani ufunguo. Jirani anayepita mara mbili kwa wiki na kugusa redieta ana thamani kuliko kifaa chochote unachoweza kununua.

Ukiamua kuzima joto kabisa, itabidi umwage maji yote ya nyumba, na yale yanayobaki kwenye kona za chini ya sinki na kwenye choo yawekewe dawa isiyoganda ya rangi ya waridi inayouzwa kwa ajili ya mabomba ya nyumba. Ile ya kwenye redieta ya gari ni sumu. Isikaribie mabomba ya ndani.

Mwishoni mwa Februari na Machi, hewa ikianza kuwa laini, watu hufunga koki zilizokuwa zikidondoka. Ardhi ina kalenda yake. Baridi iliyoingia Januari bado inashuka chini taratibu wakati juu theluji inayeyuka, na ndipo bomba linalotoka mtaani hadi nyumbani linaweza kuganda futi kadhaa chini ya bustani. Mwaka 2014 miji kadhaa ya Minnesota na Wisconsin iliwaagiza baadhi ya wakazi waache maji yatiririke mfululizo kwa wiki nyingi kwa sababu hiyohiyo. Ukipima maji ya koki yako ya baridi na kipimajoto cha jikoni ukaona yanakaribia sifuri, endelea kudondosha, na piga simu ofisi ya maji ya mji.

Baridi ikiisha kweli, fanya hivi kabla hujalala. Funga koki zote, zima mashine ya kufulia, mtu yeyote asiende chooni, kisha shuka kwenye mita. Juu ya uso wa mita nyingi kuna kidude kidogo cha pembetatu au nyota kinachozunguka hata maji yakipita kwa uzi. Kitazame dakika tano kwa tochi. Kikizunguka, kuna bomba mahali fulani limechanika na ukuta unalowa wakati umesimama pale. Funga koki kuu yenye kitambaa chekundu, halafu ndipo umtafute fundi.